Naomba ushauri: Jumamosi ya kina dada karakana, na waya wa kuchomelea wenye risasi

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba mawazo yenu.

Karakana yetu ya elektroniki hapa Moshi ina vyuma vinne vya kuchomelea (soldering iron), wati 60. Siku za mchanganyiko wanaume hushika chuma, kina dada huishia kumulika tochi. Tulijaribu kupanga wawili wawili, kubadilishana kila dakika 15. Mpango ulivunjika kila kifaa kilipogoma, maana anayejiona fundi humpokonya mwenzake eti anamsaidia. Sasa Jumamosi asubuhi ni ya wanawake pekee (kama Double Union, karakana ya wanawake iliyoanzishwa San Francisco, Marekani, 2013) na kazi zinakamilika. Ila vijana wa kiume wanalalamika kubaguliwa, nao ndio wachangiaji wakubwa wa umeme wa LUKU.

Halafu wawili kati ya kina dada wananyonyesha. Waya wa kuchomelea tulionao ni 60/40, yaani asilimia 60 bati na 40 risasi (madini ya lead, yenye sumu), unayeyuka kwenye nyuzi joto 183 hadi 190. Ule moshi wa kuchomelea hasa ni wa fluksi, dawa ya kusafishia chuma iliyomo ndani ya waya. Risasi yenyewe huingia kwa mikono isiyonawa na vumbi la nguo, ndipo humfikia mtoto. Waya usio na risasi unataka nyuzi joto kama 217 hadi 227 kuyeyuka, na vyuma vyetu havina kidhibiti joto: ncha huota weusi haraka na kukataa kushika waya.

Mliowahi kuendesha karakana: kuna kanuni ya meza iliyowafaa siku za mchanganyiko, au Jumamosi ibaki hivyo hivyo? Na kwa hao mama, nibadilishe waya wote, au sabuni, aproni isiyotoka karakana na feni ya kuvuta moshi vinatosha?