Nasoma solfa vizuri ila nota za mistari mitano zinanishinda, nianzie wapi?

AltoWaNyuma
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri maana hili jambo limeniumiza muda mrefu. Naimba alto kwenye kwaya, solfa nasoma bila shida, ukinipa karatasi ya herufi d r m f s l t (do, re, mi...) nakuimbia hapohapo. Sasa tumeletewa nyimbo za mistari mitano mitupu, chini hakuna solfa, imebidi niwe nasubiri mwenzangu aimbe kwanza ndo na mimi nidake. Nilichofanya nimekariri majina ya mistari halafu naandika kwa penseli juu ya kila nota, E, G, B, mpaka karatasi inajaa, nikija kuimba najikuta nasoma herufi zangu tu, nota zenyewe wala siziangalii. Miezi mitatu sasa naenda hivyo. Na nyumbani kuna kinanda, natamani nikijue pia. Je nisahau solfa nianze moja au kuna njia ya kuvukia? Natanguliza shukrani.

DoInahama
Dada usiisahau solfa hata kidogo, hiyo ndo mtaji wako. Solfa na mistari ni ndugu kabisa, yule mtawa Guido wa Arezzo wa Italia, karne ya 11, ndiye aliyefundisha kuimba kwa silabi na huyohuyo ndiye aliyepanga nota kwenye mistari (yake ilikuwa 4). Na hizi d r m za herufi John Curwen wa Uingereza alipozieneza karne ya 19, mwanzoni alitaka ziwe daraja la kumfikisha mwimbaji kwenye mistari. Kwa hiyo wewe uko katikati ya daraja tayari.

Unachotakiwa kujua ni d imekaa wapi, basi. Angalia alama za mwanzo wa mstari. Kama ni sharpi (♯, ya kupandisha nusu hatua), ile ya mwisho kulia ni t, panda hatua moja, hapo ni d. Kama ni flati (♭, ya kushusha nusu hatua), ya mwisho ni f, shuka f m r d. Zikiwa flati mbili au zaidi ni rahisi zaidi, ile ya pili kutoka mwisho imekalia d yenyewe.

Mfano wimbo wenye flati mbili, kwa ufunguo wa sauti za juu (ile alama kubwa ya mkunjo mwanzoni) d inaangukia mstari wa katikati, ukihesabu mistari kutoka chini. Sasa tazama, d mstari wa 3, m mstari wa 4, s mstari wa 5. Mstari kwa mstari kwa mstari. Na d ikikaa kwenye nafasi, basi m na s nazo zinakaa kwenye nafasi zinazofuata. Hapo hujataja herufi hata moja na tayari unaimba d m s. Hiyo penseli iweke mbali, weka alama moja tu pale d ilipo, mwanzo wa wimbo.

VidoleKumi
Nakubaliana na mdau hapo juu kwa upande wa kuimba, ila kasema anataka na kinanda, na kinanda hakijui d inayohama, kibonye cha C ni C siku zote. Kwa hiyo herufi utazihitaji dada, ila usikariri zote kwa mkupuo kama ulivyofanya. Shika tatu tu. Ule ufunguo wa juu mkunjo wake unazunguka mstari wa 2, hiyo ni G. Ufunguo wa besi nukta zake mbili zinaubana mstari wa 4, hiyo ni F. Na C ya katikati inaning'inia kwenye kamstari kake kadogo, chini ya mistari ya juu na juu ya mistari ya besi, ni sauti ileile moja. Nyingine zote unazifikia kwa kuhesabu kutoka hapo, na baada ya muda unaacha kuhesabu bila hata kujua umeacha lini.

PigaMakofi
Mbona hakuna aliyegusa mapigo? Wengi wanaokwama sio kwa ajili ya sauti, ni kwa sababu wanasoma sauti na muda kwa pamoja. Kwenye solfa umezoea kistari cha kurefusha, hapa urefu uko kwenye umbo, kichwa cheusi chenye mkia mara nyingi ni pigo 1, kichwa cheupe chenye mkia ni 2, cheupe bila mkia ni 4. Weka metronomu (kifaa cha kugonga mapigo) kwenye 60 kwa dakika, piga makofi wimbo wote bila kuimba, ukishanyooka ndo uweke sauti. Mistari minne ya wimbo kwa siku inatosha, lakini iwe kila siku na iwe wimbo usioujua, maana unaoujua utaimba kwa kichwa utadhani umesoma.

AltoWaNyuma
Wakuu nimerudi, ni wiki ya pili sasa. Jana nimechukua wimbo mpya wenye sharpi moja, hiyo sharpi iko mstari wa juu kabisa kwa hiyo ndo t, d iko juu yake, nikashuka sauti nane hadi d ya chini nikaikuta kwenye mstari wa 2, palepale ufunguo unapozunguka, kumbe ndo ile G ya VidoleKumi! Nimepiga makofi kwanza halafu nikaimba sauti yangu ukurasa mzima peke yangu, nimekosea sehemu mbili na zote nimezijua mwenyewe. Nimekaa nikalia kidogo. Asanteni sana. DoInahama, naomba unisaidie na hili, katikati ya wimbo imetokea sharpi ambayo mwanzoni haikuwepo, imekaa kwenye f, hiyo naiimbaje?

DoInahama
Hongera sana dada. Hiyo ni fe, ileile unayoijua kwenye solfa, f iliyopandishwa nusu hatua. Inadumu mpaka mstari wa wima unaofuata, baada ya hapo unarudi kwenye f yako ya kawaida.