Naomba ushauri: watafiti wanataka makubaliano mapya, takwimu za pweza wetu hatujaziona

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, na poleni na kazi.

Mimi ni katibu wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za pwani) ya kijiji kimoja pwani ya Kilwa. Huwa tunafunga mwamba, tusivue pweza hapo, miezi mitatu ili wakue, maana pweza huishi mwaka mmoja hivi tu na uzito wake hupanda haraka sana. Misimu miwili sasa tunashirikiana na watafiti wa chuo kimoja cha Ulaya. Kila bamvua (maji yanapokupwa sana), kina mama wakitoka mwambani, tunapima uzito, tunatazama jike au dume, tunaandika daftarini. Wao huja kupiga picha kurasa, basi.

Matokeo tumeyaomba mara tatu. Ikaja ripoti ya Kiingereza ambayo hakuna aliyeweza kuisoma kikaoni. Afisa uvuvi katuambia tusubiri. Sasa wanataka miaka mitatu zaidi, na safari hii wachukue vipande vya nyama ya pweza wakapime vinasaba kwao. Kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) wametuonyesha. Sitaki kabisa waondoke. Bila vipimo vyao hatutajua kama miezi mitatu inatosha.

Naomba mnisaidie mawili. Tuweke vipengele gani ili takwimu zirudi kijijini, kwa Kiswahili, kabla hatujafunga tena mwamba? Na kwa kuwa Itifaki ya Nagoya ya 2010, mkataba wa kimataifa, inahusu mgawanyo wa manufaa ya vinasaba, nani asaini upande wetu sampuli zikitoka nchini: BMU, serikali ya kijiji au halmashauri?

Mwenye nakala ya makubaliano ya namna hii aniwekee, tafadhali. Kikao ni Jumamosi.