Meko ya chuma ya kiwandani yanakula kuni bila kutoa joto: kioo, feni, bamba au jiko jipya?

NyumbaYaMlimani, Kabale

Habari za jioni wenzangu. Nina nyumba ya wageni ya vyumba vinne huku Kabale, Uganda, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yetu ya Juni na Julai mnaijua. Sebuleni kuna meko ya kuni, ila si yale ya kujengwa kwa matofali. Ni sanduku la chuma lililotengenezwa kiwandani Marekani. Mwenye nyumba wa kwanza alilileta kwa kontena miaka ya 1990 pamoja na dohani yake ya mabomba mawili, moja ndani ya jingine, kisha likazungushiwa fremu ya mbao na kufunikwa kwa mawe ya urembo.

Moto unawaka vizuri, lakini anayekaa hatua nne kutoka hapo bado anaomba blanketi. Juzi niliweka kipimajoto. Saa moja jioni sebule ilikuwa nyuzi 16. Nikachoma mizigo miwili ya kuni hadi saa nne: sebule ikafika 17, na chumba cha mwisho kikashuka kutoka 16 hadi 14. Roho iliniuma, maana humo alilala mama mwenye mtoto mchanga.

Nimeelezwa njia nyingi: milango ya kioo, wavu wa mabomba wenye feni, bamba la chuma nyuma ya moto, kutumbukiza jiko la chuma humo humo ndani, au kuyaacha kabisa nikanunua jiko la kusimama lenye dohani yake. Aliyejaribu mojawapo anisaidie.

FundiMoshi, Kapchorwa

Pole dada. Meko ya wazi ya aina hiyo hubakiza chumbani sehemu ndogo tu ya joto la kuni, mara nyingi kama asilimia 10. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya kama uniti 4 za umeme. Wewe unapata chini ya nusu uniti. Jiko zuri lililofungwa lingekupa karibu 3 kutoka kilo ile ile.

Na hewa inayopanda dohanini lazima itoke mahali. Inavutwa kutoka kile chumba cha mwisho, na nafasi yake inajazwa na baridi ya nje inayopenya madirishani. Washa kijiti cha udi, kishike chini ya mlango wa chumba hicho moto ukiwa mkali, uone moshi wake unaelekea wapi.

Kabla hujatoa shilingi, tafuta kibati kilichopigwa ribiti ndani ya meko, aghalabu ukingoni, nyuma ya pazia la waya. Kina jina la kiwanda na namba ya toleo, na hapo ndipo utajua vifaa gani vimeruhusiwa. Sanduku hilo linaweza kukaa karibu na mbao kwa sababu hewa hupita kati ya kuta zake na kulipoza. Ukiziba matundu ya hewa hiyo, mbao zinaungua polepole pasipo wewe kuona.

BintiToro, Fort Portal

Mimi nilitumia wavu wenye feni misimu miwili. Kwa vifaa vya bei nafuu, huo ndio uliotoa joto la kushikika: hewa baridi inaingia chini, inapita mabombani kuzunguka makaa, inatoka juu ikikupiga usoni. Shida ni umeme. Ukikatika moto umekolea, hakuna cha kuyapoza mabomba. Yangu yalipinda, moja likatoboka, na umeme uliporudi feni ikawa inapuliza majivu na cheche hadi kwenye zulia. Niliutoa siku hiyo hiyo. Kama una sola yenye betri ya kutosha, fikiria. Kama huna, acha.

MamaKisoro

Dada yangu, nakusihi usitumbukize jiko humo. Sisi fundi mmoja alitushawishi. Akasukuma jiko dogo ndani ya sanduku kama lako, bomba lake akaliishia kwenye koo la dohani ya zamani. Wiki tatu tulifurahia joto. Kisha ikaanza harufu kama ya mkate ulioungua, kila usiku, bila moshi. Mume wangu akang'oa jiwe moja la urembo juu ya meko, akamulika tochi: mbao ya fremu imekuwa nyeusi kama mkaa, ukiigusa inapukutika. Mtoto wetu alikuwa akilala upande wa pili wa ukuta ule. Hadi leo nikisikia harufu ya kitu kinachoungua naamka.

FundiMoshi, Kapchorwa

Pole sana mama, na asante kwa kulisema. Sanduku hizo zilipimwa kwa moto wa wazi, ambapo hewa nyingi ya chumbani hupanda na kuupoza moshi. Jiko hubana hewa. Moshi wake unapanda polepole kwenye dohani pana, unapoa, unaacha masizi ya lami. Yakishika moto, dohani inaweza kupita nyuzi 1,000. Yapo masanduku yanayoruhusu jiko ndani, lakini kwa maandishi ya kiwanda, na bomba la chuma cha pua kutoka kwenye jiko lenyewe hadi kilele cha dohani.

MzeeWaKuni, Kabale

Binti yangu, wote wamesema vyema, lakini hakuna aliyekuuliza kuni zako. Kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto unamaliza nguvu kuyachemsha kabla ya kukupa wewe chochote. Hapa Kigezi tuna mti wa burikoti, unashika makaa kuliko kalitunsi, yaani mkaratusi. Ipasue burikoti ikiwa mbichi, vipande unene wa kifundo cha mkono, uipange juu ya mawe, bati juu, pande wazi upepo upite. Kalitunsi ipe miezi 6 hadi mwaka.

Chagua kipande kimoja, kiandike tarehe, ukipime kwenye mizani ya jikoni kila Jumapili. Kikiacha kupungua, rundo limekuwa tayari.

NyumbaYaMlimani, Kabale

Nimerudi, baada ya wiki moja. Moshi wa udi ulilala kabisa, ukakimbilia sebuleni kama umevutwa kwa kamba. Kibati nimekipata chini ya masizi. Nilikisugua kwa kitambaa chenye siki. Kwa milango ya kioo, kinaruhusu ya kiwanda hicho tu, na jiko la ndani kimelikataza waziwazi. Mzee, kipande changu kilikuwa gramu 1,340 Jumapili ile. Leo ni 1,255. Na kuni hizi niliuziwa kama kavu!

Sasa nimebaki na kioo, bamba na jiko la kusimama. Na je, kujenga matofali ya moto ndani ya sanduku?

FundiMoshi, Kapchorwa

Matofali hapana. Wazo la meko yenye kina kifupi na pande za mshazari ni la mwanasayansi Rumford, tangu 1796, na ni zuri sana kwa meko ya kujengwa. Lakini kwa sanduku lako, matofali yatabadilisha mwenendo wa joto na uzito wake.

Kioo kinasaidia usiku kuliko jioni. Moto ukiwa mkali, kioo cha kawaida cha meko kikifungwa kinazuia sehemu kubwa ya joto lisikufikie. Faida yake ni wakati wa kulala: makaa bado mekundu, kilango cha dohani hakiruhusiwi kufungwa kwa sababu ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, basi kioo kinazuia joto la nyumba lisitoke usiku kucha.

Bamba ni rahisi zaidi. Chuma cha milimita 6 au zaidi, mafundi chuma wa Katwe, Kampala, watakukatia, lisimame kwa miguu yake bila kutoboa ukuta wa sanduku. Usitegemee makubwa, ila utalihisi magotini.

Joto la kweli ni jiko la kusimama, kwenye ukuta mwingine, na dohani mpya yenye kinga ya joto. Usiliunganishe na ya zamani. Kama jiko halina vipimo vyake, liweke sentimita 90 kutoka mbao yoyote. Huko juu hewa ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya tano, mvuto unapungua, kwa hiyo bomba lipande wima, viwiko vichache. Lipite paa kwa sentimita 90, na liwe sentimita 60 juu ya chochote kilicho ndani ya mita 3.

Leo hii, bure: fungua upana wa kidole dirisha lililo karibu na meko, funga milango ya vyumba.

NyumbaYaMlimani, Kabale

Nimefanya hivyo jana. Sebule 18, chumba cha mwisho kimebaki 16 usiku wote. Bamba nimeagiza, kengele ya kaboni monoksidi pia, na jiko la kusimama nitaliweka ukuta wa chumba cha kulia kabla ya Juni ijayo. Tatizo ni kuni za msimu huu.

MzeeWaKuni, Kabale

Nina rundo la burikoti la mwaka jana, limekauka. Njoo Jumamosi na pikapu, na uje na ile mizani yako.