Tupeane uzoefu: Mmoja alisoma, nani mwingine akafaidika?

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Kila tukigusa habari ya elimu, mjadala unaishia kwenye ajira: fulani kasoma, kapata nini? Leo naomba tuligeuze swali. Je, kuna mtu unayemjua alisoma, halafu faida ikawafikia hata wasiokanyaga darasa lake? Leta kisa ulichokiona kwa macho yako. Majina ya watu na ya shule tuyaache.

Naanza mimi. Mama yangu alijifunza kusoma ukubwani, madarasa ya jioni, sisi wanawe tukiwa tumeshamzidi mbali. Hakupata kazi mpya wala cheo. Ila tangu hapo hakuna karatasi iliyotiwa sahihi nyumbani kabla ya kusomwa mpaka mstari wa mwisho. Majirani nao wakaanza kumletea barua zao. Zamani walisomewa na mtoto yeyote aliyepita njia, na mtoto, mnajua wenyewe: kabla jua halijazama mtaa mzima una habari kwamba mume wa fulani kaandika nini. Kwa mama siri ilibaki ndani. Heshima ile waliyorudishiwa watu sijawahi kuiona kwenye ripoti yoyote ya elimu.

Nesi wa Zamu

Hapa umeingia kazini kwangu. Mtoto anaharisha, mama anapewa paketi za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, aende nazo. Paketi imeandikwa ichanganywe na maji kiasi gani. Akiweka maji machache mno, chumvi inazidi na mtoto anaweza kudhurika. Akiweka mengi mno, dawa inapungua nguvu. Paketi zikiisha, ya kutengeneza nyumbani ni vijiko vidogo sita vya sukari, visawazishwe juu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwenye lita moja ya maji safi. Mama mmoja akilishika hilo sawasawa, wiki inayofuata nalisikia kwa jirani yake ambaye sikumfundisha mimi.

Lakini wodini naona jambo kubwa kuliko kusoma paketi. Mama aliyekaa darasani anathubutu kusema, "Daktari, sijaelewa, nieleze tena." Ambaye hakukaa anaitikia tu, anaondoka na mashaka yake. Mtaalamu wa masuala ya idadi ya watu, John Caldwell, aliandika mwaka 1979 kutokana na utafiti wake Nigeria kwamba elimu ya mama inaenda pamoja na uhai wa watoto hata ukishaiweka kando kazi ya baba. Sababu mojawapo aliyoitaja ni hiyohiyo: mama anapata sauti mbele ya wahudumu na mbele ya familia. Mimi nilikuwa naiona kila zamu bila kujua kuna aliyeiandika.

Sina Imani

Mnaipamba sana. Mimi walioniumiza wote ni wasomi. Mkataba wa mkopo ulionimaliza uliandikwa na mtu mwenye shahada, kwa lugha safi kabisa. Nambieni elimu yake imeifaa jamii gani.

Mweka Hazina

Ndugu Sina Imani, pole, na swali lako ni halali. Ngoja nikusimulie ya kwetu.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kililetewa mkopo wa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Hesabu ya haraka ikapigwa: miezi 12, asilimia 120 kwa mwaka. Ni kali, ila tulikuwa na shida, wengine walishashika kalamu. Binti wa mwenzetu, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa amemfuata mamake kikaoni. Akauliza: riba isipolipwa mwezi huo, inaongezwa kwenye deni? Tukatazama mkataba. Ndiyo, inaongezwa. Akaomba karatasi. Ukidaiwa 100, mwezi wa kwanza ni 110. Mwezi wa pili asilimia 10 inahesabiwa kwenye 110, unakuwa 121. Wa tatu, 133 na ushee. Akashuka nayo hivyohivyo taratibu, watu wamenyamaza, mpaka mwezi wa 12: karibu 314. Maana yake riba peke yake inalizidi mara mbili deni lenyewe.

Mkopo ukakataliwa. Lililonifurahisha zaidi ni kwamba wazee walimwambia arudi kikao kijacho awafundishe, na siku hizi mwanachama haombi mkopo kabla hajaijaza ile jedwali kwa mkono wake mwenyewe. Aliyekuandikia wewe mkataba alifanikiwa kwa sababu ulikuwa peke yako na karatasi yake. Kwetu alikuwepo wa kuuliza.

Sina Imani

Hesabu nimeielewa, nimeinakili. Wasomi bado siwaamini.

Baba Mapacha

Changu ni kifupi. Pacha wangu mmoja haoni, amejifunza nukta nundu, maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole, mfumo ambao Louis Braille, naye haoni, aliukamilisha mwaka 1824 akiwa kijana wa miaka 15. Mwenzake anayeona akajifunza ili amsaidie kazi za nyumbani, naye akawafundisha marafiki. Sasa kundi zima linaandikiana vikaratasi darasani na mwalimu hawezi kuvisoma. Nimeitwa shuleni kwa ajili hiyo. Nilijitahidi kununa.

Mwalimu wa Jioni

Nafundisha watu wazima, kwa hiyo kisa cha mama wa mwanzisha uzi nimekisoma mara mbili. Niongeze la historia. Mwaka 1963, mji wa Angicos, kaskazini mashariki mwa Brazil, mwalimu Mbrazili Paulo Freire na wenzake walifundisha wafanyakazi wapatao 300 kusoma na kuandika kwa takriban saa 40 za masomo. Hawakuanza na a, e, i, o, u. Walianza na maneno ya kazi na maisha ya watu wenyewe, wakayajadili kwanza, ndipo wakayavunja silabi. Kumbuka sheria ya Brazil wakati huo ilimnyima kura asiyejua kusoma, kwa hiyo kila aliyehitimu alikuwa mpiga kura mpya. Mwaka uliofuata jeshi likachukua madaraka. Freire akafungwa, kisha akaishi uhamishoni miaka mingi. Anayedhani darasa la kusoma ni jambo dogo la hisani, afikirie kwa nini liliwakosesha usingizi wenye bunduki.

Mwanzisha uzi

Mwalimu, mtu akitaka kuanzisha darasa kama hilo mtaani, aanzie wapi?

Mwalimu wa Jioni

Muulize kila mmoja anataka kusoma nini. Kwangu mmoja alitaka ujumbe wa simu kutoka kwa mwanawe, mwingine kujaza fomu bila kumuomba mtu, mwingine kuandika jina lake tu ili aachane na dole gumba. Anza na hayo, kitabu cha silabi kitafuata. Panga saa ambazo wametoka kazini. Na usiwakalishe kwenye viti vya watoto wa chekechea: magoti yanauma, aibu inazidi, kesho hawarudi.