Kuunganisha data za udhihirisho wa jeni za nzi wa matunda: tutumie zana ipi?

Mtafiti_Chiromo: Wenzangu, nina orodha ndefu ya jeni zilizotokana na jaribio la ukinzani dhidi ya viuadudu, na nataka kujua kila moja hudhihirika, yaani hufanya kazi, katika kiungo gani na hatua gani ya ukuaji. Kati ya hifadhidata za mtandaoni DGET, FlyAtlas 2 na FlyMine, ipi itanipunguzia kutafuta jeni moja moja?

Dada_wa_Kasarani: Anza na DGET ya Harvard, kwa sababu hupokea orodha nzima kwa mkupuo na kukutolea ramani ya rangi inayoonyesha viwango vya udhihirisho kutokana na data za mradi wa modENCODE, ambazo zilipima kiinitete kila baada ya saa 2, kisha lava, pupa na nzi wapevu. Kabla ya hapo, pitisha majina ya jeni zako FlyBase, hifadhidata kuu ya jeni za nzi huyu, uyageuze yawe namba za FBgn, yaani vitambulisho vya kudumu vya jeni. Jeni moja huwa na majina kadhaa ya zamani, na zana isipolitambua jina, mstari wake katika orodha hupotea kimyakimya.

Mwalimu_Otieno: Nakubali kuhusu hatua za ukuaji, ila kwa swali la viuadudu ningeitanguliza FlyAtlas 2 ya Glasgow, inayotenganisha dume, jike na lava, kiungo kwa kiungo. Chukua Cyp6g1, inayohusishwa na ukinzani dhidi ya DDT: hudhihirika katika mirija ya Malpighi (inayofanya kazi kama figo za mdudu), ambayo ni sehemu ndogo sana ya mwili, kwa hiyo ukipima nzi mzima aliyesagwa, ishara ya jeni ya namna hiyo humezwa na tishu nyingine. Orodha ikiwa ndefu, kweli, utachoka kutafuta humo.

Mtafiti_Chiromo: Ahsante, Mwalimu. Je, naweza kuchukua wastani wa thamani za zana zote mbili?

Mwalimu_Otieno: Hapana. Maabara, namna ya kukata tishu na ukokotoaji vinatofautiana. FlyAtlas ya kwanza ya 2007 hata haikusoma mfuatano wa RNA (nakala za jeni zinazofanya kazi), bali ilitumia chipu yenye vipande vya DNA vinavyonasa nakala hizo. Linganisha viungo ndani ya chanzo kimoja, kipi kina kiwango cha juu na kipi cha chini, kisha uone kama vyanzo vinakubaliana.

Dada_wa_Kasarani: FlyMine itakufaa baadaye, utakapotaka kuongeza protini na jeni za binadamu zinazofanana nazo. Ukihitaji aina za seli, Fly Cell Atlas ya 2022 ina data za viini vya seli zaidi ya 580,000, na unaweza kuitazama kwenye kivinjari kupitia zana iitwayo SCope bila kupakua chochote.