ETI "VIDEO YA HARUSI"!!! Na bajia za mamangu zimo mdomoni!

Leo silali. Nimetoka nyumbani mguu mmoja kandambili, mwingine kiatu cha ndugu yangu, niko hapa Mkunguni, Lamu, naandika huku natetemeka. Nyote mnamjua. Yule aliyekwenda Ufaransa mara moja tu, na mpaka leo akipiga chafya hutaka radhi kwa Kifaransa. Simtaji.

Nilimwita aitazame filamu yangu kabla sijaipeleka mashindanoni. Dakika 14 na sekunde 20, nimeibana makusudi, maana mashindano ya Cannes, huko Ufaransa, filamu fupi haipiti dakika 15 pamoja na yale majina ya mwisho. Fundi mzee wa Matondoni anakalafati jahazi, anaziba nyufa za mbao, hasemi neno. Basi. Miezi minane naenda narudi. Mamangu kakaanga bajia. Bwana kakaa, kala, na dakika ya pili, YA PILI, fundi ndio kwanza anachovya pamba kwenye mafuta, kajipangusa vidole kwenye takia letu, akasema: "Hii video ya harusi."

Harusi ya nani? Ya jahazi? Bibi harusi ni msumari?

Halafu eti niirefushe ifike dakika 45 ndio ionekane kazi. Hata Oscar ukipita dakika 40 si filamu fupi tena! Kisha kaomba chai. Video ya harusi, na chai kaomba, na mamangu kampa. Ya tangawizi!

Maji_Kupwa: Pole sana. Lakini ndugu yangu, jina la filamu si huingia na maua ya dhahabu yanazunguka?

Mwenye uzi: Yale ni mapambo. Usinichokoze.

Maji_Kupwa: Na njiwa wawili?

Mwenye uzi: Njiwa MMOJA.

Binti_Langoni: 😂😂 Wa pili ndiye bwana harusi, kakimbia.

Kaka_Malindi: Huyo huku kwetu alikusanya 1,500 kwa kila kichwa atupelekee filamu. Ada za mashindano hupanda kadiri siku ya mwisho inavyokaribia. Yeye kazikalia mpaka ikafika ile ya juu kabisa, kisha anatwambia pesa hazikutosha.

Mwenye uzi: Alikwambia video ya harusi? Hakukwambia. Basi shukuru.

Binti_Langoni: Kwani si uliiweka YouTube Ramadhani? Baadhi ya mashindano hawaitaki iliyokwisha onekana.

Mwenye uzi: Niliiondoa.

Binti_Langoni: Baada ya kuitazama watu 11. Mimi mmojawapo. Nilijua ni harusi.

Boti_ya_Mwisho: Nyinyi mna matusi, mimi nina umeme. Mwisho wa kupeleka filamu ulikuwa saa sita za usiku za Paris, huku kwetu saa nane. Faili gigabaiti sita, bando nimenunua mara tatu. Saa saba u nusu imefika asilimia 97, kwisha, Lamu nzima giza. 97!

Kaka_Malindi: Malindi pia ulikatika. Mimi nina samaki kwenye friza.

Bi_Shela: Wanangu, umeme utarudi. Nani kafunga punda mlangoni kwangu tangu adhuhuri? Kaitafuna leso yangu mpya, sijaikata hata doti.

Mwenye uzi: Jamani, turudini kwenye uzi. Kajipangusa kwenye TAKIA.

Boti_ya_Mwisho: Bi, punda wa rangi gani?

Bi_Shela: Kijivu.

Maji_Kupwa: Bi, hapa Lamu hiyo ni kama kusema mtu ana pua.

Bi_Shela: Kijivu, kamba ya buluu, sikio la kushoto limekatika ncha. Na sasa yuwala mlango.

Binti_Langoni: Huyo si ndiye aliyetokea kwenye video ya harusi, dakika ya tisa?

Mwenye uzi: Bi, shikamoo. Naja kumchukua.