Timu imeuzwa Utah: nifuate au nibaki Arizona? Naombeni ushauri wakuu

FundiBarafu
Habari zenu wakuu. Mimi Mtanzania, nipo Tempe, Arizona, nafanya kazi uwanja wa hoki ya barafu. Tarehe 17 Aprili 2024 tuliwafunga Edmonton 5-2, watu wazima wanalia majukwaani. Kesho yake wakubwa wa NHL, ligi ya hoki ya Marekani na Kanada, wakapitisha timu yetu, Arizona Coyotes, ihamie Salt Lake City, Utah. Wachezaji, makocha, wote wanakwenda. Mie usingizi sipati. Nina mke na watoto wawili. Nifuate timu au nibaki? Matusi hapana tafadhali.

Kipara wa Ubungo
Pole mkuu. Waulize watu wa Mbarali. Timu yao ya soka, Ihefu, imehamia uwanja wa Liti, Singida, katikati ya msimu, na Singida Fountain Gate nayo ikakimbilia Kirumba, Mwanza. Ukianza kuzifuata timu utazeekea stendi.

Bahati_SLC
Ndugu, karibu huku! Miye nilitoka kambi ya Nyarugusu nikaletwa Salt Lake moja kwa moja, sijawahi kuona theluji. Asubuhi ya kwanza nilifungua mlango nikaufunga tena. Wakongomani tuko wengi, ibada ya Kiswahili iko, unga wa fufu unapatikana. Nyumba ndiyo ghali. Watoto wako wa umri gani? Wangu sasa wanateleza milimani kama wamezaliwa huku, mama yao anafumba macho.

MamaWinnipeg
Kaka, mimi Mkenya niko Winnipeg, Kanada. Hiyo timu yako ilitoka hapa 1996 ikiitwa Jets. Dola ya Kanada ilikuwa chini, mishahara ya wachezaji inalipwa kwa dola ya Marekani, wenye timu wakashindwa. Mji ukakaa miaka 15 bila NHL, mpaka 2011 Atlanta Thrashers ilipoletwa hapa. Na Atlanta walikuwa wameshaipoteza Flames iliyoenda Calgary 1980. Mume wangu kila ikitajwa 1996 anakuwa kama aliyefiwa. Sasa nikuulize: mshahara wako unalipwa na nani? Timu ama mwenye uwanja?

FundiBarafu
Asanteni. Kuna wanaoniambia nisubiri kwa sababu Meruelo, aliyeuza, amebakiziwa jina na nembo, na ana miaka 5 ya kujenga uwanja apewe timu nyingine. Mimi siamini. 2009 timu ilifilisika, ligi yenyewe ikainunua ili isipelekwe Hamilton, Ontario. Mji wa Glendale, ilikokuwa inachezea zamani, wakachoka nayo, mkataba wa uwanja ukaishia 2022. Mei 2023 wananchi wa Tempe wakapiga kura kuukataa uwanja mpya. Timu imekataliwa mara zote hizo, mimi nikae namngojea Meruelo?

MamaWinnipeg
Swali langu hujalijibu.

FundiBarafu
Analipa kampuni inayoendesha uwanja. Uwanja ni wa chuo kikuu, Arizona State.

MamaWinnipeg
Basi timu ya chuo haihami! Barafu inabaki na wewe kazi unayo. Mbona hukusema mwanzo?

FundiBarafu
Inabaki lakini saa zitapungua, dada. NHL msimu huu zilikuwa mechi 41 za nyumbani, za chuo hazifiki. Na pale Delta Center, uwanja wa Salt Lake, watahitaji watu wa barafu, kuna mtu wa ndani kaniambia. Ule uwanja ulijengewa mpira wa kikapu, kuna viti vingi huoni goli la upande mmoja. Kazi itakuwepo tu.

Mzee wa Same
Mwanangu, "kaniambia" si barua ya ajira. Umemshirikisha mama watoto?

FundiBarafu
Shikamoo mzee. Mke wangu anauguza wazee hapa Mesa, kazi yake anaipenda. Tumezungumza, hajakubali wala hajakataa. Sasa niseme yote: nimeshalipa dipoziti ya nyumba West Valley City, hukohuko Utah, na notisi ya nyumba ya hapa nimetoa. Nyumba nzuri huko haikungoji, ningezubaa angechukua mwingine.

Mzee wa Same
Kumbe umeshahama, sisi unatuaga. Siku hizi kijana anaamua kwanza, ushauri baadaye. Mwaka 1987 nilihamishwa kikazi kutoka Moshi kwenda Lindi, sikufunga begi mpaka mke wangu aliposema twende.

Mpelelezi_TZ
Wazee hii ni CHAI. Angalieni hesabu. Timu imeuzwa dola bilioni 1.2, halafu ilikuwa inachezea uwanja wa chuo wa watu 5,000? Hata Chamazi ni mkubwa kuliko huo. Barafu jangwani, Mtanzania ndiye fundi wake. ID mpya, uzi mmoja. Mods fungeni.

Kipara wa Ubungo
Hapo na mimi nilikuwa najiuliza.

FundiBarafu
Mpelelezi, ukweli ndio huohuo. Hata wachezaji wenyewe walilalamika misimu yote miwili. Kati ya hizo bilioni 1.2, bilioni moja ni ya Meruelo, milioni 200 wanagawana wamiliki wengine kama ada ya kuhama. Na barafu ni kazi, ndugu yangu. Chini ya sakafu kuna mabomba ya maji ya chumvi yaliyopozwa. Barafu yenyewe ni unene wa sentimita 3 hivi, na tunailinda ibaki nyuzi 4 au 5 chini ya sifuri. Mimi naendesha Zamboni, gari la kusawazisha barafu. Kisu kinakwangua juu, nyuma linamwaga maji ya moto, kwa sababu ya moto yanayeyusha mikwaruzo kidogo na kushikana vizuri na barafu ya chini. Watu wakijaa, pumzi na jasho vinalainisha kona ambazo wachezaji wanageukia, lazima ujue usiku huo umwage maji kiasi gani. Nimefundishwa nikiwa sijui hata kusimama juu yake. Sitaki kurudi kufagia maghala. Ndiyo maana nataka kwenda ligi ilipo.

NjugunaEmbakasi
Mpelelezi tulia. Nairobi pale Panari, Mombasa Road, kuna barafu tangu 2005 na vijana wetu wanacheza hoki. Anayeitengeneza si malaika.

Mpelelezi_TZ
Panari naijua. Picha ya payslip iko wapi?

MamaWinnipeg
Payslip haiwahusu. Kaka, umeongea vizuri kuhusu hiyo barafu kuliko ulivyoongea kuhusu familia. Nenda na huo ujuzi, lakini uombe kazi kwa maandishi, usitegemee mtu wa ndani. Na mke abaki kazini kwake hadi upate jibu.

FundiBarafu (mwishoni mwa Juni)
Wakuu, mnada wa ardhi ya Phoenix, aliyotaka Meruelo kujengea uwanja, umefutwa na ameachia haki yake ya kupewa timu nyingine. Walioniambia nisubiri wameona. Nimetuma maombi Utah, barua bado. Mke na watoto wanahamia kwa dada yake Mesa kwa sasa, mimi naondoka mwezi ujao.

Bahati_SLC
Nitakupokea. Kuna ghala moja linachukua watu wa usiku, utajishikiza hapo ukingoja. Najua ulisema hutaki maghala, lakini kodi ya West Valley haingoji barua.

Mpelelezi_TZ
Bado nasubiri picha.